Pakiti ya pembetatu ya maziwa: nani hasa aliibuni, na familia ya Rausing ilitajirika kwa mashine au kwa karatasi?

#1 Mwana_Naivasha
Wadau, swali hili ninalo tangu utotoni. Mwaka 1979 Rais Moi alipoanzisha maziwa ya shule, mimi nilikuwa darasa la tatu. Yalikuja kwenye pakiti yenye pembe nne, ukiitupa mezani inasimama tu hata iangukeje. Maziwa ya Nyayo. Unang'ata kona moja, unanyonya, ukimaliza unaipuliza mpaka itune, unaiweka chini na kuikanyaga kwa kisigino: paa! Mwalimu wa zamu huyoo anatoka ofisini na kiboko.

Nimesoma habari za hiyo pakiti wiki hii nzima. Kampuni ni Tetra Pak ya mji wa Lund, Sweden, ilianzishwa 1951 na Ruben Rausing, na hadi leo inamilikiwa na wajukuu zake. Karibu kila mahali wanaandika kwamba Rausing ndiye aliyeibuni. Mimi nasema si kweli. Aliyebuni umbo lile ni mfanyakazi wake, kijana wa maabara aitwaye Erik Wallenberg, mwaka 1944, na hataza, yaani hati ya umiliki wa uvumbuzi, ikaombwa kwa jina la bosi. Anayejua zaidi yangu aje.

#2 FundiZamu
Mkuu, kwanza turekebishe jina. Tunaita pembetatu, lakini ile ina nyuso nne na kila uso ndio pembetatu. Wagiriki wanaita tetra, yaani nne, ndipo jina la kampuni lilipotoka.

Kama mtu haoni maajabu yake yako wapi, achukue karatasi ya daftari. Izungushe iwe bomba, gundisha ukingo. Bana mdomo wa chini uwe bapa, ukielekea mashariki na magharibi. Bana mdomo wa juu uwe bapa vilevile, ila uelekee kaskazini na kusini. Basi, hiyo ndiyo pakiti ya Nyayo. Haina kifuniko, haina kitako, na hakuna hata kipande kimoja cha karatasi kilichokatwa kikatupwa. Mwenye wazo hilo, awe nani, alikuwa na akili nyingi.

#3 Binti_Limuru
Nimeacha kazi nikachukua karatasi nikajaribu. Ni kweli kabisa!

Kwetu tulipewa mara mbili kwa wiki. Mama alikuwa hataki tukanyage pakiti tupu, tulizirudisha nyumbani zikakatwa kona, zikajazwa udongo, zikapandwa miche ya mikeshia. Miti iliyoko kwenye mpaka wa shamba letu hadi leo ilianzia kwenye pakiti za Nyayo.

#4 Mzee_Kinangop
Mara mbili? Sisi huku juu ilikuwa mara moja, na barabara ikiharibika kwa mvua ni hakuna kabisa. Ila miche nakubali. Kitalu cha shule yetu kilikuwa safu kwa safu za pakiti zile.

#5 Mhasibu_Mstaafu
Mwana_Naivasha, unamwonea Ruben. Hebu tuanze alikoanzia.

Alizaliwa 1895 katika parokia ya Raus karibu na Helsingborg, akiitwa Ruben Andersson. Akina Andersson Sweden ni wengi kama akina Juma Tandale, basi 1921 akachukua jina la kijiji chake: Rausing. Kabla ya hapo alikwenda New York, Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 1919 hadi 1920. Huko aliona duka ambalo mteja anajichukulia bidhaa mwenyewe kwenye rafu. Ulaya wakati huo muuza duka alikuwa anapima unga na sukari kwa kilo, anafunga kwenye karatasi, kama muuza duka wa mtaani kwetu anavyokufungia majani ya chai. Ruben akaona mbali: mteja akijihudumia, lazima unga uwe umeshafungwa kabla haujafika dukani.

Mwaka 1929 akaungana na Erik Åkerlund wakafungua Åkerlund & Rausing, kiwanda cha vifungashio vya unga, sukari, chumvi. Miaka minne baadaye Åkerlund akajitoa, Ruben akabaki peke yake. Maziwa alikuja kuyafikiria baadaye. Alipofungua Tetra Pak alikuwa na umri wa miaka 56. Mtu wa umri huo kwetu anahesabu miezi ya pensheni. Wallenberg alibuni umbo, sawa, lakini swali la kumpa alifikirie lilitoka kwa nani?

#6 Mwana_Naivasha
Swali lilitoka kwa Ruben, sibishi. Ila mimi mtu akiniambia "nitafutie dawa ya malaria" nikaipata, dawa ni ya nani? Wallenberg alikuja kupewa heshima mwaka 1991, nishani ya dhahabu ya Akademia ya Kifalme ya Sayansi za Uhandisi ya Sweden. Kuanzia 1944 hadi 1991 ni miaka 47. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini.

#7 Kijana_wa_Mwanza
Huyu Wallenberg si ndiye aliyeokoa Wayahudi Budapest?

#8 Mhasibu_Mstaafu
Hapana kijana wangu, yule ni Raoul Wallenberg. Huyu ni Erik.

#9 MamaAisha_Tanga
Mnabishana Ruben na Erik, na mke wa Ruben je? Aliitwa Elisabeth. Inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyeuliza kwa nini wasijaze maziwa mfululizo kwenye bomba na kulibana humohumo ndani ya maziwa, kama mtu anavyotengeneza soseji. Wanaume walikuwa wanafikiria kujaza pakiti moja moja, inabaki hewa juu, hewa inaharibu maziwa. Ukibana chini ya usawa wa maziwa, hewa itapita wapi?

Nayasema haya kwa sababu mimi nauza karanga na ubuyu, nafunga nailoni kwa mshumaa kila siku ya Mungu. Anayefunga ndiye anayejua shida ya kufunga.

#10 Binti_Limuru
MamaAisha umenigusa! Sisi tunaita mutura. Utumbo mmoja mrefu, unajaza, unafunga hapa, unafunga pale. Hakuna mpishi wa mutura anayekata utumbo vipande kwanza halafu ajaze kimoja kimoja. Nyanyangu angemwelewa huyo Elisabeth bila mkalimani.

#11 Mzee_Kinangop
Sasa uzi umefika jikoni. Tunangoja nyama.

#12 FundiZamu
Ngojeni, tusiruke. Wazo la soseji ni zuri, lakini kati ya wazo na mashine kuna miaka minane. Nifafanue kwa sababu ndiyo kazi yangu, nipo kwenye mitambo ya kujazia juisi Dar mwaka wa kumi na saba sasa.

Mwaka 1944 karatasi ya kuhimili maziwa ilikuwa haipo. Karatasi ya nta inakatika kwenye mkunjo, na nta haishikani imara ukiibana. Kilichokuja kuokoa ni polithini, plastiki iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, ambayo ilianza kupatikana kwa viwanda vya kawaida baada ya vita. Polithini ina tabia mbili: inazuia maji, na ukiipasha moto inayeyuka na kushikana yenyewe kwa yenyewe. Maana yake ni kwamba gundi tayari iko ndani ya karatasi. Bila plastiki hiyo Wallenberg angebaki na umbo zuri la karatasi linalovuja.

Kisha kuna injinia Harry Järund, ambaye hakuna aliyemtaja humu. Yeye ndiye aliyehangaika na mashine yenyewe: roli la karatasi linapanda, linakunjwa kuwa bomba, mshono wa wima unashikwa, maziwa yanashuka kwa bomba la chuma katikati, halafu taya za moto zinabana kwa zamu, moja hivi, inayofuata kwa kukata upande. Wazo mtu hulipata akiwa ameketi. Kuzifanya taya zile zibane mahali palepale kila mara, karatasi ikikimbia bila kusimama, hiyo ni kazi ya mikono yenye mafuta. Mashine ya kwanza ilikabidhiwa kiwanda cha maziwa cha Lund Septemba 1952, na wala haikuanza na maziwa. Ilianza na krimu, vipakiti vya desilita moja.

Kwangu mimi Järund ndiye baba wa kampuni. Ruben mwenye mtaji, Erik mwenye umbo, Elisabeth mwenye swali, Järund mwenye mashine.

#13 Kijana_wa_Mwanza
Kwa hiyo ndio watu wa kwanza duniani kuweka maziwa kwenye karatasi?

#14 Mhasibu_Mstaafu
La hasha. Marekani walitangulia. John Van Wormer wa Toledo, Ohio, alipata hataza ya boksi la karatasi mwaka 1915, likaitwa Pure-Pak, lile lenye paa kama nyumba. Lakini la kwake linakunjwa kwanza, linajazwa, ndipo linafungwa juu. Tofauti ni hiyohiyo aliyoisema MamaAisha.

#15 Msafiri_wa_Kyiv
Nimeona huu uzi nikashindwa kupita kimya. Nilisoma Umoja wa Kisovieti miaka ya themanini, mimi na wenzangu wa kutoka Tanzania, Kenya na Kongo. Maziwa yalikuwa kwenye pakiti hizihizi, nyeupe zenye pembetatu za rangi. Kreti la chuma linashushwa dukani saa kumi na mbili asubuhi, baridi imekaza, na chini ya kreti kuna dimbwi. Ukiinua pakiti unaigeuza kwanza uitazame kona zote. Kuna akina mama walikuwa wanaangalia kona kama mtu anayechagua mayai. Kwa kiwanda cha mtaani kwetu pakiti moja kati ya kadhaa lazima ilikuwa inadondosha.

Hans, mtoto wa Ruben, alijifunza Kirusi, na soko lile la Kisovieti alilishughulikia mwenyewe. Basi nauliza FundiZamu: kama mashine ni nzuri hivyo, mbona zilivuja?

#16 FundiZamu
Swali zuri. Taya zikichakaa au moto ukipungua, mshono unashika juujuu. Ukiuangalia unaona umefunga, lakini maziwa yana subira, yatatafuta njia. Karatasi nayo ikiwa na plastiki isiyo sawasawa, huku nene huku nyembamba, fundi anaweza kurekebisha moto siku nzima na asifanikiwe. Mashine na karatasi ni mke na mume. Ukimwoza mmoja kwa mgeni, nyumba inavuja.

#17 Wakili_Kijitonyama
Hapo hapo FundiZamu! Umetamka utetezi wa kampuni bila kujua.

Mwana_Naivasha ameuliza kama walitajirika kwa mashine au kwa karatasi, na jibu liko kwenye kesi. Mwaka 1991 Tume ya Ulaya iliitoza Tetra Pak faini ya ekyu milioni 75, fedha ya hesabu ya Ulaya kabla ya yuro. Kosa lilikuwa nini? Mikataba yao ilimlazimisha anayenunua au kukodi mashine atumie karatasi yao tu, si ya mwingine. Kampuni ilijitetea kwa hoja kama yako: mashine na karatasi ni kitu kimoja, afya ya mlaji iko hatarini ukichanganya. Walikata rufaa, wakashindwa 1994, wakaenda Mahakama ya Haki ya Ulaya, wakashindwa tena 1996.

Kwa hiyo mimi nasema utajiri ni wa karatasi. Mashine ni mlango tu. Mashine unaiuza mara moja kwa miaka mingi, karatasi unaiuza kila siku watu wanapokunywa.

#18 Mama_Mgando
Wakili, asante. Nina kiwanda kidogo cha maziwa mgando Nyanda za Juu, tuko wanawake sita. Tulinunua mashine ya kujazia vifuko kwa msambazaji mmoja, jina silitaji. Bei ilikuwa nafuu mno, tukafurahi. Baada ya miezi miwili tukagundua roli lake lina upana ambao hakuna mwingine nchini anauza. Roli likiisha, tunasimama. Mara mbili tumemwaga maziwa, lita mia tatu mara ya pili, tukisubiri roli. Hakuna kesi, hakuna Tume. Nilipoisoma hiyo hukumu hapo juu niliona kama imeandikwa kwa ajili yetu.

#19 FundiZamu
Pole sana dada. Siku nyingine kabla ya kulipia, omba sampuli ya roli na upime mwenyewe kwa rula upana wake na kipenyo cha kiini, halafu piga simu kwa wauzaji wengine watatu ukiwatajia vipimo hivyo. Wakisema hawana, usinunue hata kama ni ya bure. Nitumie vipimo vyako, kuna uwezekano wa kuchonga upya mhimili wa roli karakana yoyote yenye mashine ya kukerezea, ukatumia roli la upana mwingine.

Na Wakili, sikuyasema yale kuitetea kampuni. Ni kweli mashine na karatasi lazima zielewane. Na ni kweli vilevile kwamba mwenye kujua siri hiyo anaweza kuitumia kukufunga kamba. Yote mawili.

#20 Mhasibu_Mstaafu
Wakili, hesabu yako inaanzia mwisho. Kabla ya karatasi kuleta fedha, mashine ilikula fedha. Mwaka 1965 familia iliuza Åkerlund & Rausing, ile kampuni mama, ndipo wakapata mtaji wa kuendelea na Tetra Pak. Fikirini hilo. Baba anauza shamba linalolisha nyumba ili amwagilie mche. Ingeshindikana leo tusingekuwa na uzi huu. Hans alikabidhiwa ukurugenzi 1954 akiwa na miaka 28, kaka yake Gad akawa msaidizi. Si watoto waliongoja urithi.

#21 Mwana_Naivasha
Mzee wangu, shamba liliuzwa na aliyekuwa na shamba. Wallenberg alikuwa na mshahara tu.

#22 Mhasibu_Mstaafu
Hapo umenishika. Nimekusikia.

#23 Kijana_wa_Mwanza
Naomba kuelezwa kitu kimoja. Kama lile umbo ni zuri hivyo, mbona siku hizi ni maboksi tu? Mimi nimezaliwa 2001, pakiti ya pembetatu sijawahi kuishika.

#24 Mzee_Kinangop
Ilikuwa haipangiki. Nimebeba kreti zake mgongoni enzi hizo. Zinahitaji kreti lake maalumu, ukizitia kwenye boksi la kawaida zinaacha mapengo kila mahali. Na kwenye rafu ya duka zinalala hovyo. Mfalme wa pakiti ni lile linalopangika.

#25 Binti_Limuru
Mimi nadhani ni usumbufu wa kufungua. Mtoto anang'ata, mtu mzima je? Ukiikata kwa mkasi ukaikamata vibaya, inakurukia usoni. Na ukishaifungua huwezi kuiweka chini, lazima uimalize au uitafutie kikombe.

#26 FundiZamu
Wote mna haki, ila kampuni iliona mapema. Tetra Brik, yaani boksi la tofali, lilitoka 1963. Kijana wa Mwanza, chukua boksi lolote la juisi ulilonalo. Tazama juu pembeni: kuna masikio mawili yamekunjwa na kubandikwa ubavuni. Chini yako mengine mawili, yamebandikwa kwa kitako. Yafungue taratibu kwa kucha, yote manne. Boksi linakuwa mto! Ni bomba lilelile la 1944, lililobanwa juu na chini. Tofauti ni kwamba taya zote zinabana uelekeo mmoja, halafu kona zinakunjwa. Kwa hiyo pembetatu ile haikufa. Imejificha ndani ya boksi, kwenye masikio.

#27 Kijana_wa_Mwanza
NIMEYAFUNGUA. Ni mto kweli. Hadi sikio lenyewe lina umbo la pembetatu. Asante sana fundi.

#28 Nesi_Bagamoyo
Mnaongelea umbo, mimi naona mmeacha kikubwa. Kikubwa ni kutoa vijidudu. Maziwa mabichi kwenye joto la pwani yanakaa saa chache. Mwaka 1961 kule Thun, Uswisi, walionyesha mashine ya kujazia maziwa yasiyo na kijidudu ndani ya pakiti isiyo na kijidudu. Maziwa yanapashwa zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache tu, yanapozwa, karatasi inasafishwa kwa haidrojeni peroksidi na kukaushwa kwa joto, kisha vinakutana mahali ambapo hewa ya nje haiingii. Maziwa yanakaa miezi bila friji. Kwa nchi kama zetu, ambako umeme ukikatika friji inakuwa kabati, hicho ndicho kilichobadilisha maisha. Mama anayeishi kilomita arobaini kutoka mjini anaweza kumpa mtoto maziwa salama. Tajiri alitajirika kwa sababu hiyo, si kwa mutura.

#29 Binti_Limuru
Nesi usiidharau mutura, tafadhali!

#30 FundiZamu
Nesi yuko sahihi kuhusu Thun. Naongeza: ndani ya boksi la kukaa muda mrefu kuna utando wa alumini mwembamba kuliko unywele, wa kuzuia mwanga na hewa. Tabaka ziko sita, karatasi ni karibu robo tatu ya uzito. Na mahali ambapo ukingo wa karatasi unapandana kuna utepe wa plastiki kwa ndani, maana ukingo uliokatwa una karatasi tupu, na karatasi tupu ikinywa juisi, boksi limekwisha. Zamu ya usiku roli likikaribia mwisho, mashine inaunga roli jipya bila kusimama. Ule muungo unapita kama mstari mnene, na boksi lenye muungo hutupwa pembeni. Huwa ninalisikia kabla sijaliona, mlio wa mashine unabadilika kidogo.

#31 Msafiri_wa_Kyiv
Kuhusu "familia" iliyo kwenye kichwa cha uzi. Ruben alihamia Roma 1969, watoto wakahamia Uingereza mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa kukimbia kodi za Sweden, makao makuu yakaenda Lausanne 1981. Ruben akafariki 1983. Mwaka 1991 wakainunua Alfa Laval, watengenezaji wa mitambo ya maziwa ya Sweden hiyohiyo, kundi likaitwa Tetra Laval. Mwaka 1995 Hans akamuuzia Gad nusu yake yote. Gad akafariki 2000, leo wenye mali ni watoto wake watatu: Kirsten, Finn na Jörn. Gad mwenyewe alikuwa msomi kwelikweli, shahada yake ya udaktari ya akiolojia pale Lund aliifanya juu ya upinde na mishale. Nimependa hilo. Mtu wa viwanda anakaa anapima pinde za kale.

#32 Mwalimu_Babati
Kwenye familia hiyo kuna habari inayotuhusu sisi moja kwa moja. Binti wa Hans, Lisbet, na mumewe walianzisha mfuko wa Arcadia. Mfuko huo ndio uliogharimia mpango wa kurekodi lugha zilizo hatarini kutoweka, ulioanza 2002 pale chuo cha SOAS, London. Lugha yetu ya Kigorwaa, ya hapa Babati, imerekodiwa chini ya mpango huo. Wazee wamezungumza, wamesimulia, sauti zipo kwenye hifadhi na mtu anaweza kuzisikiliza. Sikujua kwamba fedha zile chanzo chake ni pakiti za maziwa mpaka miaka michache iliyopita. Bibi yangu hakuwahi kunywa maziwa ya boksi maisha yake yote, alikamua mwenyewe.

#33 Wakili_Kijitonyama
Mwalimu, hii imenigusa sana. Nilikuja kuwasema, na bado kesi ni kesi, ila hili la lugha niliweke kwenye mizani.

#34 Mwana_Naivasha
Asanteni wote, sikutegemea uzi ungefika huku. Naona tuna wababa watano na mama mmoja: Ruben, Erik, Elisabeth, Järund, polithini na wakili wa karatasi. Mimi bado niko na Erik. Umbo ndilo nililolishika mkononi nikiwa na miaka tisa, na umbo lilikuwa lake.

#35 Mama_Mgando
FundiZamu, nimekutumia vipimo. Ubarikiwe.

#36 FundiZamu
Nimevipata dada. Mhimili unachongeka. Kesho nitakuchorea.

#37 MamaAisha_Tanga
Kabla hamjafunga, fundi nijibu. Nimejaribu usiku huu kubana nailoni ya barafu ikiwa na maziwa ndani, kwa mshumaa, kama nilivyozoea kwenye karanga. Haishiki hata kidogo! Maziwa yanaingia kati, nailoni inaungua pembeni, ndani iko wazi. Hao Lund waliwezaje kubana ndani ya maziwa?

#38 FundiZamu
Mama, mshumaa unatoa moto bila nguvu. Taya zinakamua kwanza. Zinabana kwa nguvu mpaka maziwa yote yatoke kati ya kuta mbili, plastiki ikutane na plastiki, ndipo moto unafanya kazi, na haziachii mpaka mshono upoe. Tafuta rula mbili za chuma. Bana nailoni katikati yake kwa nguvu, acha ukingo mdogo utokeze juu, upitishe mshumaa kwenye ukingo huo haraka, halafu endelea kubana ukihesabu hadi kumi.

#39 MamaAisha_Tanga
Nimetumia rula za Aisha za shule. Imeshika! Nimeigeuza kichwa chini juu ya sufuria. Kona moja ya kushoto imetoa tone nilipofika arobaini.

#40 FundiZamu
Kona ya kushoto ndipo rula inapolegea, mkono wako wa kulia una nguvu zaidi. Funga ncha ya kushoto kwa kibanio cha nguo, urudie.